Zawadi Tuliyodhani ni Yetu

  

Ndugu zetu wa hapa Lamu wametuomba zaidi ya mara moja tukieleze kisa cha mwanapunda aliyelelewa uani kwetu. Kisa hiki kimekwisha kusimuliwa barazani kwa namna nyingi, na baadhi ya masimulizi hayo yanatupa sifa tusizostahili. Tunakiandika kama kilivyotokea, pamoja na zile sehemu ambazo hatukufanya vyema, tukitaraji kuwa huenda familia nyingine ikapata humo la kuizindua.

Ilikuwa mwezi wa Shawwal, siku chache baada ya Idi. Tulipotoka msikitini baada ya swala ya Alfajiri, giza lilikuwa bado halijaondoka vichochoroni. Katika uwanja ulio nyuma ya msikiti, mahali ambapo watu wa mtaa wamezoea kutupa taka, punda jike alikuwa amelala ubavu, tumbo limevimba, amekwisha kufa. Kando yake alisimama mtoto wake, miguu mirefu kuliko mwili, akikipiga kiwele kwa pua yake kisha akirudi nyuma kungoja maziwa yashuke. Alifanya hivyo mara nyingi mbele ya macho yetu. Wazee waliokuwa nasi wakasema "Inna lillahi," kisha kila mmoja akashika njia ya kwake, kwani punda kufa katika mji wetu si jambo geni.

Kwa msomaji asiyeijua Lamu, yafaa tueleze kwamba mji wetu wa kale, ambao shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba visivyopitika kwa gari. Mchanga, mawe, saruji, maji na magunia ya unga hufika milangoni mwetu juu ya mgongo wa punda. Jioni, kazi ikiisha, wengi wao huachwa wajitafutie chakula mitaani, na chakula cha mitaani ni kile tunachokitupa sisi.

Mwenye punda aliitwa akaja. Ni mchukuzi, tunayemfahamu vyema kwa kuwa huswali nasi safu moja. Alimtazama punda wake kwa muda, akakaa juu ya jiwe, akaufuta uso kwa kitambaa chake cha bega. Tulipomuuliza atafanya nini na yule mdogo, alijibu bila kuinua kichwa: "Mchukue, Katibu. Mimi sina la kumpa."

Tukasema, "Insha'Allah." Hatukuzidisha neno, naye hakuzidisha. Tunamwomba msomaji ayaweke akilini maneno hayo machache, maana tutayarudia.

Mwanapunda tulimbeba mikononi hadi kliniki ya punda iliyo ufukweni, ambayo imekuwa ikiwahudumia punda wa Lamu tangu mwaka 1987. Wahudumu walimkadiria kuwa na umri wa siku kama kumi. Hilo likawafurahisha, kwa sababu maana yake alikuwa amewahi kunyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ambayo kiumbe mchanga huyahitaji katika saa zake za mwanzo ili apate kinga ya maradhi. Aliyeyakosa huwa na tumaini dogo. Kisha daktari akampasua mama yake ili ajue sababu ya kifo. Tumboni mlikuwa na fundo la mifuko ya plastiki, vipande vya kamba na nyuzi za magunia, vilivyosokotana hata vikaziba njia ya chakula. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, lakini vifungashio vya namna nyingine, kamba na magunia vimebaki tele, na vilivyotapakaa zamani havijaoza.

Tulirudi nyumbani tukiwa na jambo moja linalotuchoma. Mwezi mzima wa Ramadhani kamati yetu ilifuturisha. Mabaki ya futari, pamoja na vile yalivyofungwa ndani yake, yalipelekwa uwanjani pale pale. Punda hanusi plastiki, hunusa tambi na mkate ulio ndani. Hatuwezi kuapa kwamba fundo lile lilitoka katika futari yetu. Wala hatuwezi kuapa kwamba halikutoka humo.

Mama watoto alipoyasikia hayo hakutuuliza mwanapunda atakula nini wala atalala wapi. Aliondoa ndoo na sufuria kwenye pembe ya ua iliyo na kivuli, akatandaza majani makavu. Binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane, akasema kwamba kwa kuwa tumepewa, basi ataitwa Zawadi. Jina likashika siku hiyo hiyo.

Wahudumu wa kliniki walitufunza malezi ambayo hatukuyategemea. Maziwa ya punda yana mafuta machache na utamu mwingi kuliko ya ng'ombe, hivyo si kila maziwa yanamfaa. Wakatuelekeza tutumie ya mbuzi na wakatuonyesha vipimo. Wakatuonya tusimwinulie kichwa juu kama tumnyweshavyo mtoto wa mtu, kwa sababu maziwa huweza kuingia mapafuni yakamuua. Bora tumfundishe kunywa katika bakuli akiwa amesimama. Na juu ya yote, tumbo lake ni dogo. Aliye na mama hunyonya kidogo kidogo mchana na usiku, kwa hiyo wiki za mwanzo tulitakiwa kumlisha kila baada ya saa mbili.

Tuligawana usiku kama wagawanavyo mabaharia zamu za chomboni. Mama watoto alichukua saa zinazofuata Isha, kijana wetu mkubwa akachukua usiku wa manane, na sisi tukabakiwa na theluthi ya mwisho hadi Alfajiri. Tunakiri bila haya kwamba kabla ya hapo, katika miaka yote tangu tutoke chuoni, swala ya tahajjud tuliijua zaidi vitabuni kuliko juu ya mswala. Mwanapunda alituamsha. Tulipokwisha kumlisha hatukuona sababu ya kurudi kitandani kabla ya kuswali rakaa mbili.

Jambo la tohara nalo lilihitaji utaratibu. Punda akiwa hai mwili wake ni tohara, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimpanda, hata imepokewa kwamba Muadh bin Jabal (r.a.) aliwahi kupanda nyuma yake juu ya punda aliyeitwa Ufayr. Ama mkojo wake na kinyesi chake, kwa madhehebu yetu ya Shafi, ni najisi. Tukatenga kanzu moja kuukuu kwa kazi ya uani na nyingine za swala, na ndoo ya maji ikawa haikosekani mlangoni. Hata hivyo kuna siku jirani yetu wa safuni alisogea kidogo kando, nasi tukajua sababu.

Miezi mitatu ilipopita, Zawadi akiwa amenona na masikio yamesimama, tulikaa barazani baada ya Magharibi. Mzee mmoja wa mtaa, mtu tunayemheshimu kwa elimu na umri, akatukabili mbele ya watu. "Katibu," akasema, "wewe ndiye unayeshika daftari la mayatima wa mtaa huu. Wamo watoto wa Bani Adamu humo ambao ada za madrasa hazijalipwa. Je, ni sawa yatima wa punda anywe maziwa ya mbuzi ilhali yatima wa Muislamu anakunywa chai ya rangi?"

Tulikuwa na majibu. Tungeweza kumtajia hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa khofu yake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, Allah akamsamehe, na masahaba walipouliza kama wanyama nao wana thawabu, Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kwamba katika kila chenye ini bichi mna ujira. Tungemtajia pia ile ya ndege aliyechukuliwa makinda yake, akawa anapiga mbawa juu ya watu, Mtume akauliza ni nani aliyemhuzunisha kwa watoto wake na akaamuru arudishiwe. Tungemkumbusha aya ya 38 ya Suratul An'am, inayotufunza kwamba wanyama wa ardhini na ndege wa angani nao ni umma mfano wetu. Hatukusema lolote katika hayo. Hadithi ni nuru, na si vyema kuzishika kama fimbo ya kumnyamazishia mzee aliyesema kweli.

Usiku ule tulilifungua daftari. Yalikuwamo majina kumi na saba, kwa mwandiko wetu wenyewe, mazuri, yenye namba na tarehe. Tulijisaili: katika nyumba hizo kumi na saba, ngapi tumewahi kuingia? Tatu. Tulikuwa tukiwajua watoto wale kwa namba zao za daftarini. Mwanapunda tulimjua anapenda kukunwa wapi na anakohoa kwa sababu gani.

Tukaazimia mambo mawili na mama watoto. La kwanza, gharama ya Zawadi itatoka katika matumizi yetu, na senti ya yatima haitaguswa wala haitapunguzwa mchango wetu wa kila mwezi. La pili, kila Alhamisi baada ya Alasiri tutazuru nyumba moja katika zile kumi na saba, tukae, tuzungumze na mtoto, tujue analala wapi na anaogopa nini. Ziara hizo zinaendelea hadi leo. Yule mzee tulimshukuru baadaye, akacheka, akasema kumbe swali lake lilikuwa la kutuchokoza tu.

Sasa tuje kwenye makosa yetu. Zawadi alikua katikati ya watoto, na watoto walimcheza kama mwenzao. Walimsukuma naye akawasukuma. Walimfundisha kuinua miguu ya mbele na kuiweka juu ya mabega yao, nasi tukacheka kwa furaha. Alipotimiza mwaka mmoja hakuwa tena wa kubebwa. Siku moja mtoto wa madrasa aliingia uani kuchukua mpira, Zawadi akamrukia kwa mchezo ule ule, kisha mtoto alipokimbia akamuuma paja. Mama yake alikuja na machozi. Tulimpeleka mtoto hospitali, tukaomba radhi, na usiku hatukulala.

Kule kliniki walitueleza jambo ambalo lilikuwa katika maelekezo yao ya mwanzo, nasi tulilipuuza. Mwanapunda anayelelewa na watu pekee hajui kwamba yeye ni punda. Kwa kawaida mama yake na punda wakubwa humfunza mipaka: akiuma huumwa, akisukuma husukumwa, hadi ajue adabu ya kundi lake. Sisi hatukuweza kumfunza hayo. Tulimpa mapenzi tukamnyima wenziwe. Walitushauri tumpeleke mara moja akae na punda wazima wapole, la sivyo atakuwa hatari, na mwisho wa punda hatari ni mbaya.

Tuliyemwendea ni yule yule mchukuzi. Wakati huo alikuwa ameazima punda jike mzee kwa ndugu yake, akimlisha shambani nyuma ya mji. Akakubali Zawadi akae naye huko mchana na usiku. Wiki ya kwanza yule jike alimpiga mateke ya haki. Wiki ya pili Zawadi alianza kumfuata kwa hatua kumi nyuma. Mwezi wa pili walikuwa wakikunana shingo kwa meno, kama wafanyavyo punda waliopatana. Tulipokwenda kumtazama alikuja, akatunusa, kisha akarudi kwa mwenzake. Binti yetu alinuna njia nzima ya kurudi nyumbani.

Ikafika Rajab ya mwaka uliofuata, Zawadi akikaribia kutimiza miaka miwili. Baada ya swala ya Ijumaa yule mchukuzi akatushika mkono nje ya msikiti. "Katibu," akasema, "nashukuru kwa yote. Sasa mnyama wangu amekua. Nataka kumtia kazini."

Tulidhani hatukusikia vyema. Tukamwambia, "Bwana, si ulitupa?"

Akatutazama kwa mshangao wa kweli, pasina hila. "Nilikwambia umchukue. Sikukwambia nimekupa."

Ndugu msomaji, sisi ndio tunaoandika mihutasari ya kamati. Sisi ndio tunaowasomea watu aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyoamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Chuoni tulisoma mlango wa hiba, tukahifadhi nguzo zake: mwenye kutoa, mwenye kupewa, kitu chenyewe, na tamko la kutoa na kupokea. Alfajiri ile pale jalalani hatukuandika, hatukuweka shahidi, wala hatukumuuliza swali moja ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza: umetupa, au umetuachia?

Nyumbani pakawa na msiba. Kijana wetu alisema twende tukamdai gharama za maziwa, na akaanza kuzihesabu. Mama watoto alisema mnyama hawezi kubebeshwa mchanga kabla mifupa yake haijakomaa, na kwamba punda huyu ataishia pale pale alipoishia mama yake. Binti yetu hakusema neno. Alikwenda uani akakaa penye ile pembe.

Tukakubaliana sote wawili kwenda kwa Imamu wetu nyumbani kwake baada ya Isha, pasipo watu. Imamu alitusikiliza mmoja mmoja. Alimuuliza mchukuzi maneno aliyoyatamka, akayasema vile vile. Akatuuliza sisi kama tulisikia zaidi ya hayo. Tulitamani kusema ndiyo. Tukasema hapana.

Imamu akatukumbusha kanuni ya wanazuoni ambayo tuliisoma sisi wenyewe, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Ilikuwa yakini kwamba mwanapunda alikuwa mali ya mchukuzi, kwa kuwa alizaliwa na punda wake. Kwamba aliitoa mali hiyo ni shaka, kwani neno lake linabeba maana mbili, na moyo wake ndio unaojua maana aliyoikusudia. Mali inabaki kwa mwenyewe. Ama gharama, tulizitumia bila kuagizwa na bila kupatana, hivyo ni hisani yetu, na malipo yake tuyatarajie kwa Allah.

Ndipo yule mchukuzi alipofungua kifua chake. Tangu punda wake afe, alisema, hakuweza kununua mwingine. Bei imepanda mno, hasa tangu mwaka 2016 yalipofunguliwa huko bara machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi za kupelekwa China. (Mwezi wa Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuipiga marufuku biashara hiyo, lakini bei haishuki kwa siku moja.) Hivyo akawa anabeba saruji kwa mabega yake, kutoka gatini hadi kwenye majengo. Akafungua shati lake, tukaona. "Kila nilipopita mlangoni kwenu," akasema, "nilimwona mnyama wangu anakunywa maziwa. Nikasema alhamdulillah, anakua. Siku moja ataniondolea mzigo huu."

Miaka miwili tulikuwa tumeswali naye safu moja, bega kwa bega, na hatukujua kwamba bega lile lina kidonda.

Imamu akamgeukia yeye pia. Akamwambia kwamba mali ni yake, lakini mnyama naye ana haki juu ya mwenye mali. Akamkumbusha ngamia wa bustani ya yule Ansari, aliyetokwa na machozi alipomwona Mtume (s.a.w.), naye Mtume akamkemea mwenyewe kwa kumtia njaa na kumchosha. Akataja pia kwamba Imamu Izzuddin bin Abdissalam, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu yetu aliyefariki mwaka 1262, aliandika wazi juu ya haki za wanyama: kwamba mwenyewe huwajibika kumlisha mnyama wake hata akizeeka au akiugua asipate faida naye, na kutombebesha asichokiweza. Mchukuzi akasema hataki kumuumiza mnyama, lakini watoto wake hawawezi kungoja mifupa ikomae.

Hapo tukapata la kufanya, nalo ndilo tulilopaswa kulitafuta tangu mwanzo. Tuliandika mkataba mbele ya Imamu, mashahidi wawili, nakala mbili. Zawadi ni mali ya mchukuzi. Atakaa na punda mwenziwe, hatalala peke yake. Hatabebeshwa mzigo kabla ya kutimiza miaka mitatu, na mwaka utakaofuata atabeba nusu tu ya mzigo wa punda mzima. Katika muda huo wa kungoja, sisi na ndugu watatu wa kamati tulichanga kwa mifuko yetu tukamkopesha mchukuzi, bila riba, fedha ya kununua punda aliyekomaa, naye alipe kidogo kidogo kwa kadiri ya kazi. Akatia sahihi. Nasi tukatia.

Tuliporudi nyumbani binti yetu alikuwa macho. Akauliza, "Baba, kwani tulimlea bure?"

Tulimweleza kwamba alilelewa kwa ajili ya Allah, na kilichofanywa kwa ajili Yake hakiwi bure. Alitikisa kichwa kwa adabu, kama wafanyavyo watoto wanapojibiwa neno la kweli ambalo haliwafuti machozi. Kisha akauliza kama bado anaitwa Zawadi. Tukasema hilo aulizwe mwenyewe. Asubuhi yake alikwenda kumuuliza mchukuzi kabla ya kwenda madrasa, naye akamjibu kwamba punda ameshalizoea jina, habadilishi.

Leo Zawadi amepita miaka mitatu na nusu. Hubeba sogi lenye mchanga kiasi, akiwa na gunia nene lililojazwa majani mgongoni ili mfupa usichubuke. Mkopo umekwisha kulipwa zaidi ya nusu. Kamati nayo ilipitisha kwamba futari na walima zetu zitaandaliwa kwa sinia, na taka zote za plastiki zifungwe na kupelekwa mahali palipofungwa lango. Uwanja ule nyuma ya msikiti tunaufagia kila Jumamosi pamoja na vijana.

Kwa familia itakayojaaliwa kupokea yatima wa mnyama, tunausia haya machache. Mwendee mwenyewe, mwulize kwa maneno yaliyo wazi kama anatoa au anaweka amana, kisha andikeni. Mpeleke kwa wanaojua tiba kabla ya kumpa chochote kinywani. Mtafutieni wa jinsi yake mapema, hata kama watoto watalia. Na mumwangalie pia yule aliyempoteza mama wa mnyama huyo, kwani huenda amebeba mzigo msiouona.

Kila asubuhi, anapopita na bwana wake kuelekea gatini, Zawadi husimama mlangoni kwetu bila kuambiwa. Mchukuzi hamchapi. Husimama naye akingoja, binti yetu atoke na bakuli la maji, lile lile la zamani. Akishakunywa, huenda zake.

Twamwomba Allah atutakabalie kidogo tulichofanya, atusamehe tulichopuuza, na atufanye wenye kutimiza amana za wenye ndimi na za wasio na ndimi. Wabillahi tawfiq.